Mtaa wa Bomu na Vijiji Vyetu

Mei 5, 1955, katika jangwa la Nevada, Marekani ililipua bomu la nyuklia la kilotani 29 karibu na mtaa uliojengwa makusudi ili uharibiwe. Nyumba zilikuwa na fanicha, vyakula vya mikebe na sanamu za watu zilizovishwa nguo: baba, mama, watoto.

Mtaa wa aina hiyo niliuona Keroka, mji wa Kenya uliogawanyika kati ya kaunti za Kisii na Nyamira, kwenye kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao. Filamu ilikuwa The Hills Have Eyes ya mwaka 2006, ya Mfaransa Alexandre Aja. Ndani yake, uzao wa wachimba migodi walioharibiwa na miale ya majaribio unawinda wasafiri. Jangwa tulilodhani ni la Marekani lilikuwa Moroko. Na nchi jirani, Algeria, ndiko Ufaransa ilikolipua bomu lake la kwanza, Reggane, Februari 13, 1960. Huko waliishi watu, si sanamu.

Kinachoniuma ni kwamba filamu inamfanya aliyeumizwa kuwa zimwi. Sisi Wagusii tumefanya hivyo bila kamera. Mei 2008, watu 11, wengi wao wakongwe, walichomwa moto wakiitwa wachawi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hiyohiyo.

Ndugu zangu, nyanya akianza kupotea njia ya nyumbani au kuongea peke yake usiku, msimwite mchawi; mpelekeni hospitalini.