Chuma Chakavu cha Mto Thames

Neno pwani tumelizoea likimaanisha bahari, lakini asili yake ni mahali maji yanapopwa, na kwa maana hiyo London nayo ina pwani yake. Mto Thames unaolikatiza jiji hilo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwenye Daraja la London maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa takriban mita 7. Yakishatoka huacha wazi ukanda wa tope na kokoto ambao, tangu Warumi walipojenga mji wao hapo karibu miaka 2,000 iliyopita, umekuwa jalala la kila aliyepita. Tope zito halipitishi hewa, kwa hiyo ngozi, mbao na risasi hudumu humo pasipo kuoza wala kuliwa na kutu kama ilivyo nchi kavu. Ndiyo maana mtu anayeanza leo London kutafuta vitu vya kale kwa ditekta, ile mashine inayolia ikikaribia metali, huishia ukingoni mwa mto: katika bustani za kifalme hairuhusiwi, mahali pa kale palipoorodheshwa panalindwa na sheria ya 1979, na ardhi iliyobaki ina mwenyewe. Akifika, siku zake za mwanzo humkatisha tamaa. Mashine hulia kila hatua, naye kila akiinama huokota msumari. Ni misumari ya mashua na matishari yaliyofumuliwa hapo kwa vizazi vingi, na vipande vya risasi visivyo na sura. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba takataka hizo ndizo zilizoifanya pwani ya London iwe na maana katika historia, na kwamba zilipata maana hiyo pale tu mwokotaji alipobanwa aseme ameokota wapi.

Mwanzoni hakuna aliyembana, kwa kuwa hakuna aliyemjali. Mwandishi Henry Mayhew, aliyechunguza maisha ya maskini wa London katikati ya karne ya 19, aliwakuta watoto na vikongwe wakiingia topeni miguu mitupu kila maji yalipopwa. Walikusanya makaa ya mawe yaliyoanguka kutoka matishari, mifupa, vipande vya kamba na chuma chakavu. Makaa waliwauzia majirani maskini kama wao, kipimo kwa peni moja. Chuma na kamba zilikwenda dukani kwa wanunuzi wa vitu vikuukuu. Misumari ya shaba ndiyo iliyokuwa bahati kubwa, na haikupatikana mara kwa mara. Atakayewaona leo vijana wa miji yetu wakisukuma mikokoteni ya vyuma chakavu hatahitaji maelezo zaidi. Kwa watu hao sarafu ya Kirumi na bawaba ya mlango vilikuwa kitu kimoja: uzito kwenye mizani.

Kisha wakatokea wanunuzi wa aina nyingine, mabwana wenye makabati ya vitu vya kale, na bei ikapanda bila ya kuwapo kanuni yoyote. Matokeo yake yalikuwa kichekesho. Mwaka 1857 waokotaji wawili, William Smith na Charles Eaton, walianza kuuza sanamu na medali za risasi walizodai zimetoka kwenye machimbo ya gati jipya la Shadwell. Ukweli ni kwamba walizimimina wenyewe kwenye kalibu, na kwa kuwa hawakujua kusoma, maandishi waliyozichora hayakuwa ya lugha yoyote duniani. Mwaka 1858 mfanyabiashara mmoja wa vitu hivyo, George Eastwood, alilishitaki jarida la Athenaeum kwa kumchafulia jina baada ya jarida hilo kuchapisha kwamba bidhaa hiyo ni ya kughushi. Charles Roach Smith, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mambo ya kale wa jiji hilo, alisimama mahakamani akasema ni halali. Eastwood alishindwa kesi, lakini vitu vikaendelea kutengenezwa na kuuzwa kwa miaka. Ni rahisi kumcheka bingwa yule. Mimi namwona kama shahidi wa hoja yangu: elimu yote aliyokuwa nayo haikumfaa kitu alipowekewa mezani kifaa ambacho hakuna aliyeona kikitoka ardhini. Wasiojua kusoma walimshinda msomi kwa sababu mahali pa kuokotwa palikuwa neno la mdomo tu.

Mashine yenyewe ilikuja baadaye, nayo ina asili ya vita. Afisa wa Kipoland, Józef Kosacki, aliyekuwa na jeshi la nchi yake Uskoti, aliunda kifaa cha kutambulia mabomu ya kutegwa ardhini ambacho Waingereza walikitumia kwenye mapigano ya El Alamein, Misri, mwaka 1942. Kufikia miaka ya 1970 vifaa vya namna hiyo viliuzwa kwa raia, na wanaakiolojia wakawaona wenye mashine kama wezi wa makaburi. Baadhi yao walistahili jina hilo. London, hata hivyo, jambo jingine lilitokea. Mapema miaka ya 1980, majengo mapya yalipochimbiwa misingi kando ya mto, huko Billingsgate na kwingineko, udongo ulibebwa kwa malori kabla wataalamu hawajaumaliza. Waokotaji wenye mashine walishirikiana na jumba la makumbusho la jiji kuupekua udongo huo, na kwa kuwa ilijulikana ulitoka kiwanja gani, walichopata kiliingia kwenye kumbukumbu. Vingi vilikuwa vya risasi na bati, metali za watu wa kawaida: beji za mahujaji waliotoka kwenye kaburi la Mtakatifu Thomas Becket huko Canterbury, vifungo, pini, na vitu vya kuchezea watoto. Hivyo vya kuchezea vilileta mjadala mkubwa kuliko taji lolote. Mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès alikuwa ameandika mwaka 1960 kwamba watu wa Zama za Kati hawakuwa na dhana ya utoto kama yetu. Vyungu vidogo na wapanda farasi wadogo wa karne ya 13 na ya 14, waliomiminwa kwa kalibu ili wauzwe wengi, vinaonyesha kwamba kulikuwa na mafundi walioishi kwa kuwatengenezea watoto. Hakuna mwandishi wa enzi hizo aliyeona haja ya kutuambia hilo.

Sheria ilifuata polepole. Zamani dafina ilikuwa ya Mfalme ikiwa tu ni ya dhahabu au fedha, na iliyofichwa na mtu aliyekusudia kuirudia. Sheria ya 1996 ilipanua maana hiyo, na mwaka uliofuata ukaanza mpango wa kurekodi kwa hiari hata vile visivyo dafina, ambao leo una kumbukumbu za vitu zaidi ya 1,500,000 vya England na Wales. (Anayeamua kisheria kama kitu ni dafina ni mchunguzi wa vifo, yuleyule anayeamua marehemu alikufaje. Waingereza hawatupi ofisi ya kale.) Ukingoni mwa Thames hata kuokota kwa macho matupu kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Bandari ya London. Kibali cha kawaida kinaruhusu kuchimba hadi kina cha sentimita 7.5, na kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 300 lazima kipelekwe kwa afisa wa mpango ule.

Yapo mapingamizi mawili yenye uzito. La kwanza ni la wanaakiolojia: kitu kikishang'olewa kwenye tabaka lake kimepoteza nusu ya habari zake, hata kikiandikwa kwa uangalifu. Kwa shamba ambalo halijaguswa nakubali moja kwa moja, na mashine ingekaa mbali. Lakini ukingo wa Thames haukai kama ulivyo. Mawimbi ya boti na mkondo huula kila siku, na kisichookotwa mwaka huu mwakani kimesombwa. La pili linaniuma zaidi: kazi iliyoanzwa na maskini imegeuzwa burudani ya wenye nafasi na kibali. Idadi ya vibali ilipita 5,000 mwaka 2022, Mamlaka ikasimamisha vipya, na vilipoanza kutolewa tena viliwekewa kikomo na foleni ndefu. Ni kweli, mtoto aliyeelezwa na Mayhew leo asingeruhusiwa kushuka ngazi zile. Hata hivyo sioni kwamba uhuru wake wa kale ulimpa chochote zaidi ya peni chache; yote aliyookota yaliteketea au kuyeyushwa, na historia yake mwenyewe tunaijua kwa kuwa mtu mwingine aliiandika.

Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye fukwe za visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Zilikaa kwenye kopo hadi 1979 alipozipeleka makumbusho, na mahali alipoziokota akapatia alama kwenye ramani. Mpaka leo zinazua nadharia nyingi, na tabaka la kuzithibitisha halipo. Kinyume chake, sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizofukuliwa na wanaakiolojia Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zimetupa majina ya watawala, na ushahidi kwamba waliomiliki pwani hiyo karibu miaka 1,000 iliyopita walipiga sarafu zao wenyewe. Wanaozunguka bara na mashine wakitafuta mali inayosemekana ilizikwa na Mjerumani wanazijua habari za dhahabu kuliko hizi. Kwa hiyo nakuomba msomaji wa Kilwa, Lamu au Pemba, kama kabatini mwenu kuna sarafu au kigae alichookota babu: muulize leo alikiokota wapi, uandike jibu kwenye karatasi, ukiweke kitu na karatasi yake mahali pamoja, kisha uwaarifu watu wa mambo ya kale.