Kiti cha Enzi na Nyumba Isiyo na Mwana

Mwezi wa Julai mwaka 1762, ndani ya kasri la Seoul, Mfalme Yeongjo wa nasaba ya Joseon alimwamuru mwanawe Sado, mrithi wa kiti, aingie katika sanduku kubwa la mbao la kuwekea nafaka. Sanduku likafungwa, na siku ya nane Sado alikuwa maiti. Alimwacha mtoto wa kiume wa miaka tisa, Yi San. Babu aliendelea kutawala hata alipofariki mwaka 1776. Ndipo mjukuu akakikalia kiti, na miongoni mwa maneno yake ya mwanzo ya kifalme lilikuwa tangazo kwamba yeye ni mwana wa Sado. Baadhi ya waliomfitini baba yake walikuwa wangali barazani wakisikiliza.

Kisa hicho ndicho kiini cha tamthilia *Yi San*, iliyoonyeshwa na kituo cha MBC cha Korea ya Kusini kuanzia 2007 hadi 2008. Iliyoitangulia, *Jumong*, ya sehemu 81, ilivuka bahari ikaenea Afrika Mashariki kwa santuri za video na kwa televisheni, na nyuma yake zikafuata nyingine nyingi za kasri, sumu na mihuri iliyoibwa. Zilipendwa bara na visiwani. Kwamba zilipendwa Unguja si jambo la kushangaza, kwani mji wenyewe umejengwa kuzunguka kasri. La kutafakari ni upande wa pili wa nchi: Tarime na Serengeti, katika mkoa wa Mara, ambako hapakuwa na kasri wala taji, na ambako mzee wa zamani angeulizwa nani mrithi wa mfalme, angeuliza kwanza mfalme ni kitu gani.

Visiwani maneno haya hayahitaji kufasiriwa. Seyyid Said bin Sultan alifia baharini Oktoba 1856 akitokea Maskati, na kifo chake kikaigawa dola: Thuwaini akabaki na Omani, Majid akatawala Unguja. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua ndugu yake Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 uamuzi wa Lord Canning, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza huko Bara Hindi, ulizitenga nchi mbili hizo, na Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati riale 40,000 kila mwaka. Na tarehe 25 Agosti 1896, Hamed bin Thuwaini alipofariki, Khalid bin Barghash aliingia kasrini bila ya idhini ya Waingereza. Siku mbili baadaye manuwari zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja, na Hamoud bin Mohammed akawekwa kitini. Mwenye kuyajua haya akitazama tamthilia ya Kikorea huona mavazi mageni tu. Vita vya mtoto wa mke huyu na mtoto wa mke yule anavijua.

Kuna jambo moja zaidi linalozikutanisha Seoul na Unguja, nalo halitajwi sana. Habari za ndani za kasri hizi mbili zimetufikia kwa kalamu za wanawake. Mjane wa Sado, Bibi Hyegyeong, aliandika kumbukumbu zake kwa Kikorea kati ya 1795 na 1805. Humo alieleza maradhi ya akili ya mumewe, watu aliowaua, na ukali wa baba uliomvunja mwana tangu udogoni. Unguja, Bibi Salme binti Said alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwani wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu. Elimu hiyo ndiyo iliyomfanya, akiwa na umri wa miaka kama 15, kuwa katibu wa njama za Barghash. Kitabu chake kilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Wote wawili waliandika wakijitetea, na msomaji sharti alikumbuke hilo. Lakini waandishi rasmi wa mfalme hawakuingia chumba cha mama, nao waliingia.

Sasa twende Mara, tukiwa na swali hilo hilo: nani hurithi, na nani hulisimulia?

Wilaya ya Tarime imepakana na Kenya, na Wakurya wako pande zote mbili za mpaka. Kusini ya mto Mara iko wilaya ya Serengeti, makao yake makuu Mugumu, wanakoishi Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wakurya pia, pamoja na Watatoga wafugaji. Watu hawa walikuwa na mipaka ya ardhi, walikuwa na vita na mapatano, walikuwa na wazee wa kuhukumu. Kwa Wakurya lipo baraza la siri la wazee, *inchama*, na upo mkutano wa hadhara, *iritongo*, ambamo mambo husemwa mbele ya watu. Walichokosa ni mtu mmoja ambaye kufa kwake kungeifanya nchi nzima iulize kesho itakuwaje.

Mahali pa mfalme palikaliwa na hesabu ya vizazi. Mkurya huzaliwa ndani ya kizazi chenye jina, na jina hilo hulipata kwa baba yake. Ipo mizunguko miwili inayokwenda sambamba. Katika mmoja, Wasaai huzaa Wanyambureti, Wanyambureti huzaa Wagamunyere, Wagamunyere huzaa Wamaina, na Wamaina huzaa Wasaai tena. Katika wa pili wako Wachuuma, Wamairabe, Wagini na Wanyangi, kisha Wachuuma wanarudi. Hakuna mwenye ng'ombe wengi anayeweza kununua kizazi kingine, wala shujaa anayepandishwa. Na kwa kuwa hesabu ni ya uzao, haifuati umri: kitinda mimba wa mzee sana anaweza kuwa wa kizazi cha juu kuliko mtu mwenye mvi, na mwenye mvi akawajibika kumpa kijana yule heshima ya baba. Mgeni huona ni mzaha. Wenyewe hawacheki.

Upande wa Serengeti kizazi huitwa *rikora*, na huko urithi ulikuwa na miguu. Kila baada ya kipindi kinachohesabiwa kuwa miaka minane, waliopewa dhamana ya nchi waliizunguka kwa kutembea, wakiizungushia dawa ya kinga dhidi ya maradhi, njaa na adui. Ndiko kukabidhiwa kwenyewe. Kitu kilichokabidhiwa kilikuwa ardhi, na hati ya makabidhiano ilikuwa njia iliyokanyagwa. Waikoma wanazo pia pembe za ndovu ziitwazo Machaba, ambazo huzitunza kama amana ya kabila zima. Ukitaka kutafuta taji katika wilaya ya Serengeti, hizo ndizo zilizo karibu nalo, na hazivaliwi na mtu.

Tofauti hii na Joseon ni kubwa kuliko inavyoonekana. Yeongjo alimuua mwanawe kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na damu ilikuwa moja. Palipo na mizunguko miwili ya vizazi, ambapo zamu ya mwana inajulikana kabla hajazaliwa, baba hana sababu ya kumwogopa mwana, wala mwana hana sababu ya kumharakisha baba. Isifikiriwe, hata hivyo, kwamba Mara ilikuwa pepo ya usawa. Inchama ilikuwa ya siri, na siri ni aina ya utawala. Wanawake hawakuketi humo, na vijana walitumwa vitani na wazee wasiokwenda.

Kiti kililetwa na wageni. Wajerumani walipoweka vituo vyao Shirati na Ikoma walihitaji mtu wa kupelekewa amri na wa kudaiwa kodi, na mtu huyo wakamwita chifu. Mfano unaofahamika zaidi ni wa jirani, kwa Wazanaki wa Butiama: Burito Nyerere aliwekwa kuwa chifu na Wajerumani mwaka 1915, katika jamii ambayo kabla ya hapo haikuwa na chifu mmoja wa kuitawala yote. Waingereza waliokuja baada yao walikuwa na gavana Donald Cameron, aliyeamini kwamba kila kabila la Tanganyika lina mtawala wake wa asili, na sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji ikaufanya uchifu kuwa ngazi ya serikali. Mahali ambapo hakuwapo mtawala wa asili, asili ilitengenezwa. Kikishakuwapo kiti huja warithi. Burito alipofariki mwaka 1942, uchifu ulikwenda kwa mwanawe Edward Wanzagi. Mwana mwingine, wa mke wa tano, alikuwa akisoma. Na mwaka 1963, serikali ya mwana huyo, Julius Nyerere, iliufuta uchifu katika Tanganyika yote. Mwandishi wa tamthilia wa Seoul angeukataa mwisho kama huo: mtoto wa mke mdogo anapopata uwezo wote, anakivunja kiti badala ya kukikalia. Lakini kwa Mara palikuwa na mantiki. Kilichovunjwa hakikuwa cha zamani sana.

Basi je, uchungu ule wa mrithi, unaowaliza watazamaji, haukuwapo Tarime? Ulikuwapo, na upo. Haukukaa kasrini, ulikaa katika nyumba.

Kwa Wakurya kila mke ana nyumba yake, na nyumba ina ng'ombe wake. Mahari ya binti wa nyumba ndiyo inayomwolea kaka yake wa nyumba ileile. Ng'ombe hawavuki kwenda kwa mtoto wa mke mwenza bila ya neno. Nyumba yenye binti na mwana imekamilika. Nyumba yenye wana watupu itatafuta ng'ombe. Na nyumba yenye binti watupu, au isiyo na mtoto kabisa, ina msiba mkubwa kuliko umaskini, kwani mnyororo ule wa Wasaai hata Wamaina hupita kwa wana wa kiume, na hapo umekatika. Katika kasri la Joseon malkia asiye na mwana alipewa mwana wa suria ahesabiwe wake. Yeongjo mwenyewe alizaliwa na mtumishi wa kasri, na kisa cha mama huyo kilifanyiwa tamthilia, *Dong Yi*, mwaka 2010. Mwanamke wa Kikurya alibuni njia yake mwenyewe. Anachukua ng'ombe, aghalabu wale walioingia kwa mahari ya binti zake, na kwa ng'ombe hao anaoa mke. Ndoa hiyo huitwa *nyumba ntobhu*. Mke mdogo huzaa na mwanamume wa nje ambaye hana haki juu ya watoto. Watoto ni wa nyumba, huchukua jina na ukoo wa mume wa yule mama, hata kama mume huyo alikwisha kuzikwa miaka mingi kabla hawajazaliwa.

Desturi hii imesifiwa na imelaaniwa, na pande zote mbili zina hoja. Imempa mjane shamba, wajukuu na kauli. Imemwondolea ulazima wa kurithiwa na shemeji. Lakini mke anayeolewa aghalabu ni binti wa maskini, na mara nyingine ni msichana mdogo ambaye baba yake alihitaji ng'ombe kuliko alivyohitaji ridhaa ya mtoto. Mrithi anayetafutwa ni wa nyumba nyingine, tumbo linalomzaa ni lake. Katika tamthilia zote za Korea suria ana jina, ana maneno, ana sehemu nzima za kulia. Bibi Hyegyeong aliandika, Bibi Salme aliandika. Wasomi wameiandika nyumba ntobhu kwa takwimu na michoro ya ukoo. Bado hakijajulikana sana kitabu ambamo mke mdogo wa nyumba hiyo anaisimulia kwa kalamu yake, na fasihi ya Kiswahili, iliyokwisha kuzihifadhi fitina za masultani hata majina ya manuwari, ina deni naye.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha tisa, inaitambua ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo akifariki yule mama aliyemwoa, mke mdogo hana cheti cha kupeleka mahakamani. Ana watoto, ana shamba analolilima, na ana wazee watakaoulizwa ng'ombe walitoka zizi gani.