Kuzungusha mwonekano katika Blender

Katika Blender, programu huria ya uchoraji wa pande tatu, mwonekano huzungushwa kwa kubonyeza kitufe cha kati cha kipanya na kukiburuta kipanya. Ukishikilia Shift husogea kando, na gurudumu huusogeza karibu au mbali. Mzunguko wa kawaida huuacha mhimili wa Z ukiwa wima; mwingine, unaochaguliwa kwenye mipangilio, hupinduka upande wowote. Wachonga sanamu husema ule wa kwanza unabana, na kwa kazi yao hoja hiyo ina uzito. Lakini kwa mchora nyumba ndio bora, kwa kuwa ukuta usioinama humjulisha mara moja sakafu ilipo. Macho, hata hivyo, hudanganyika: vya mbali huonekana vidogo. Kabla ya kulinganisha urefu, bonyeza 5 kwenye vitufe vya namba kuondoa athari hiyo, kisha 7 utazame kutoka juu.