Kifundo cha mtandao wa kupokezana

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo kwenye mipini ya pampu za maji huko Kyuso, kaskazini mwa Kitui, Kenya. Mpini ukipanda na kushuka, kifaa kilihesabu, kisha kikatuma hesabu hiyo kwa SMS. Pampu ikinyamaza, fundi alijua. Wastani wa siku za kungoja matengenezo ulishuka kutoka 27 hadi chini ya 3, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa FundiFix, inayotunza pampu Kitui na Kwale.

SMS lakini haitoki pasipo mlingoti wa simu. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na huko, kama ilivyo upande wa Makueni, yapo mabonde ambayo wakazi wake hupanda kilima kutafuta netiweki. Pampu haiwezi kupanda kilima. Hapo ndipo inapofaa teknolojia ambayo bado haijapata jina moja la Kiswahili: redio ndogo nyingi, kila moja ikipokea ujumbe wa jirani na kuurusha mbele, hadi umfikie mwenyewe. Hakuna mlingoti mkuu wala kampuni katikati.

Baadhi ya watu huuita mtandao wa wavu. Sura ya wavu ipo kweli, ila neno mtandao tayari limebeba maana ya kitu kilichotandwa kikaungana, kwa hiyo kuongeza wavu ni kusema jambo lile lile mara mbili. Linaloutofautisha mtandao huu na ule wa simu ni tabia yake ya kupokezana. Mwanafunzi yeyote aliyekimbia mbio za kupokezana vijiti ataelewa bila kufafanuliwa. Mimi basi nausimamia mtandao wa kupokezana.

Kila redio iliyomo ndani yake je? Wengi huandika nodi, na sina ugomvi nao. Ninalolikataa ni kituo. Kituo kwetu ni mahali pa mamlaka au pa kufikia: kituo cha polisi, kituo cha redio, kituo cha basi. Redio ya kupokezana haina cheo hicho. Ukiiondoa moja, ujumbe hutafuta njia kwa nyingine, mradi ipo inayosikika. Kifundo kinafaa zaidi, kwa kuwa ndipo nyuzi zinapokutana, na ki- yake inakumbusha kwamba kitu chenyewe ni kidogo. Na kila mara kifundo kimoja kinapomkabidhi mwenzake ujumbe, tuseme umepita mkono mmoja. Katika Meshtastic, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2020 na Kevin Hester, ujumbe hupewa mikono mitatu usipobadilisha mpangilio, na haiwezi kuzidi saba.

Wazo hili si geni Kenya. Mwezi Januari 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha pundamilia wa Laikipia mikanda ya shingoni yenye redio. Wanyama walipokaribiana, mikanda ilibadilishana kumbukumbu za mahali walikopita, hivyo mtafiti akimfikia mmoja alipata na habari za wenzake. Mradi uliitwa ZebraNet.

Sasa kifundo chenyewe. Vifundo vingi hutumia chipu ndogo isiyo na mfumo kamili wa kompyuta, na kwa kurusha tu ujumbe hiyo inatosha kabisa. Kifundo cha Linux huhitajika pale unapotaka ujumbe uhifadhiwe, hesabu za pampu ziandikwe kwenye hifadhidata, au habari zipitishwe kwenye intaneti mahali ambapo simu inashika. Kimoja kwa bonde zima kinatosha. Anayejaza kompyuta kila kilima anatafuta kazi ya kubadilisha betri.

Chukua Raspberry Pi Zero, uunganishe na redio ya LoRa, ile ya masafa marefu isiyokula umeme mwingi, yenye chipu ya SX1262, kisha uweke meshtasticd, yaani Meshtastic ya kwenye Linux. Ukizima sehemu ya skrini, vyote pamoja hula karibu nusu wati, yaani wati-saa 12 kwa siku nzima. Raspberry Pi 4 ikiwa imekaa bure hula kama wati 3, mara sita zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa paneli. Betri ya volti 12.8 yenye ampia-saa 6 ina wati-saa 77 hivi, zinazotosha siku tano bila jua na bado hujaikausha. Paneli ya wati 10 huijaza kwa raha mwezi Februari. Ipime kwa Julai, mawingu yanapofunika Ukambani wiki nzima.

Kinachoua vifundo hivi mara nyingi ni kadi ya SD. Umeme ukikatika kompyuta ikiwa inaandika, kadi huharibika na mashine haiwaki tena. Ifanye kadi isomwe tu, kumbukumbu za kila siku zikae kwenye RAM, na data ya pampu iende kwenye sehemu yake peke yake. Tundu la nyaya kwenye sanduku la kifundo lizibwe vizuri pia. Kitui ni nchi ya asali, na sanduku lenye upenyo hugeuka mzinga.

Usitarajie picha wala M-Pesa. Kwa mpangilio wa kawaida, redio hupitisha biti 1,000 hivi kwa sekunde, na ujumbe mmoja hauzidi herufi 200 na kidogo. Idadi ya mipigo ya mpini, kina cha maji kisimani, au neno la kumwita fundi, hayo yanatosha humo na nafasi ikabaki.

Ukitaka kuanza, usikimbilie kilele cha Mbooni huko Makueni. Weka kifundo kimoja kisimani na kingine kwa fundi, uviache msimu mmoja wa mvua, ndipo ununue cha tatu.