Silaha ya Kwanza: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kununua Bunduki

Raia wa Kenya anayetaka kumiliki bastola au bunduki kwa mara ya kwanza hana budi kufahamu kwamba anachoomba ni ruhusa, na ruhusa hiyo ina masharti, ina muda, na yaweza kufutwa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamkataza mtu yeyote kununua, kupata au kuwa na silaha ya moto au risasi pasipo cheti kinachotolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Katazo hilo linatangulia ununuzi. Anayelipa kwanza na kutafuta cheti baadaye amekwisha kutenda kosa, hata kama muuzaji ni jamaa yake na silaha yenyewe imekaa kabatini miaka ishirini bila kutumika.

Jambo la kwanza linalopimwa ni sababu. Sheria inataka mwombaji awe na sababu njema ya kuhitaji silaha, na afisa anayeshughulikia ombi aridhike kwamba kumpa hakutahatarisha usalama wa umma. Mlevi wa kupindukia, mtu asiye na akili timamu, na yeyote anayeonekana kutofaa kukabidhiwa silaha, hupaswa kunyimwa. Sababu ya uwindaji haisaidii, kwa kuwa uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Kwa wengi hubaki kujilinda wao na mali zao, au mchezo wa kulenga shabaha.

Kuhusu kujilinda, inafaa mwombaji ajihoji kabla hajahojiwa. Je, tishio linalomsumbua liko wapi, na hutokea saa ngapi? Mwenye duka anayebeba fedha za mauzo kila jioni kwenda benki ana hitaji tofauti na mwenye nyumba aliyeibiwa kuku. Huyu wa pili mara nyingi atasaidiwa zaidi na ua imara, taa za nje na jirani anayeitika akiitwa. Bunduki iliyoachwa kabatini mchana kutwa, mwenyewe akiwa kazini, haimlindi mtu; ndiyo kitu ambacho mwizi angefurahi kukikuta.

Swali jingine ni la nyumbani, nalo huulizwa kwa nadra kwa sababu lina aibu ndani yake. Ni nani anaishi chini ya paa hilo? Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha mara kwa mara kwamba hatari ya mtu kujiua ni kubwa zaidi katika nyumba yenye bunduki, kwa sababu ya wepesi na uhakika wa chombo chenyewe. Fikra ya kujiua mara nyingi huja kama wimbi na kupita. Penye silaha karibu, hakuna nafasi ya kulisubiri lipite. Nyumba yenye mtu aliyelemewa na huzuni, yenye kijana anayepitia wakati mgumu, au yenye ugomvi wa ndoa unaofikia vitisho, si nyumba ya kuingiza bastola mwaka huu. Kuahirisha ombi katika hali hiyo ni uamuzi wa busara kuliko kasha lolote la chuma.

Aliyeridhika na majibu yake huanza safari ya ombi. Atahitaji kitambulisho cha taifa, cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho hushughulikiwa kupitia eCitizen, na uthibitisho wa afya ya mwili na akili. Aeleze hali yake kwa ukweli, kwani maelezo yake yatachunguzwa na maafisa wa usalama. Cheti hutaja aina ya silaha na kiasi cha risasi ambacho mwenye cheti anaruhusiwa kuwa nacho, na huhuishwa kila mwaka. Wanaodhani kwamba uchunguzi ukipita umepita wakumbuke Desemba 2018, Serikali ilipoagiza raia wote wenye silaha wachunguzwe upya katika muda wa siku 90.

Ununuzi wenyewe ufanywe kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa. Mnunuzi alinganishe kwa macho yake namba iliyochongwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Alama hizo ndizo zinazowezesha silaha kufuatiliwa ikipotea au ikitumiwa katika uhalifu, na nchi za ukanda huu zilikubaliana juu ya uwekaji wake katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004. Silaha ambayo namba yake imekwaruzwa au kufutwa isiguswe kabisa, polisi waarifiwe.

Katika kuchagua, wanunuzi wapya huvutwa na sura na ukubwa. Bastola ndogo sana huonekana rahisi kubeba, lakini huruka mkononi kwa nguvu zaidi na ni vigumu kulenga nayo kuliko ya ukubwa wa wastani yenye risasi za milimita 9. Bunduki ya marisau ina nguvu kubwa karibu, ila ni ndefu na haifichiki. Ushauri wa wakufunzi wengi ni mmoja: mnunuzi ajaribu silaha kadhaa katika uwanja wa shabaha chini ya mkufunzi kabla ya kuamua, na atenge fedha za mafunzo na mazoezi pamoja na bei ya silaha. Kwenye uwanja avae vizuia sauti masikioni na miwani, kwani mlio wa bunduki hupita desibeli 140 na waweza kuharibu usikivu kwa mara moja tu. Baada ya mazoezi anawe mikono kabla ya kula, kwa sababu risasi nyingi zina madini ya risasi yenye sumu.

Kanuni za kushika silaha ni chache, na ajali nyingi hutokea pale zaidi ya moja inapovunjwa kwa pamoja. Kila silaha ichukuliwe kuwa ina risasi hadi mwenyewe atakapoikagua. Mdomo wa mtutu usielekezwe kwa kitu ambacho mtu hayuko tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka wakati wa kufyatua. Mlengaji ajue shabaha yake na kilicho nyuma yake, kwa maana risasi ya bastola yaweza kwenda zaidi ya kilometa moja, na kuta za mabati au mbao haziizuii. Kupiga risasi hewani kwa furaha ya harusi au ya mwaka mpya ni hatari kwa sababu iyo hiyo: risasi hurudi chini, na mpigaji hajui itaangukia wapi.

Namna ya kuondoa risasi kwenye bastola ya magazini inastahili maelezo ya pekee. Magazini hutolewa kwanza. Kisha sehemu ya juu huvutwa nyuma ili risasi iliyobaki kwenye chemba itoke, na chemba hukaguliwa kwa macho na kwa ncha ya kidole. Anayegeuza mpangilio huo, akavuta kwanza na kutoa magazini baadaye, huitoa risasi moja na papo hapo kuingiza nyingine kutoka kwenye magazini. Hushika bastola anayoamini ni tupu, kumbe imejaa. Kazi hii ifanywe mtutu ukielekea mahali salama, pasipo maongezi, na isifanywe na mtu aliyekunywa.

Nyumbani, silaha ihifadhiwe katika kasha la chuma lililokazwa ukutani au sakafuni, na risasi zifungiwe mahali pengine. Ufunguo usiwekwe juu ya kabati wala chini ya godoro, kwani watoto hupajua mahali hapo kabla ya wageni. Sheria inamtaka mwenye cheti kuitunza silaha kwa usalama wakati wote. Kuiacha ndani ya gari, hata kwa dakika za kununua mkate, ni kujitakia maelezo magumu kituoni. Ikipotea au kuibwa, polisi waarifiwe mara moja. Anayechelewa huku akiitafuta kimyakimya hujiongezea kosa juu ya hasara.

Wapo wanaoamini kwamba cheti kinampa mtu ruhusa ya kumpiga risasi yeyote anayeingia uani mwake. Sivyo. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinasema kwamba matumizi ya nguvu katika kujilinda au kulinda mali hupimwa kwa misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza, na misingi hiyo huuliza kama nguvu iliyotumika ilihitajika na ililingana na tishio lililokuwapo. Mwizi anayekimbia na televisheni hatishii uhai wa mtu. Anayemfyatulia risasi mgongoni na kumuua aweza kushtakiwa kwa kuua, kwa kukusudia au bila kukusudia, na mahakama itasikiliza ushahidi wa pande zote.

Waombaji wengi hutaja shambulio la Westgate la Septemba 2013, ambapo baadhi ya raia wenye silaha halali waliingia katika jengo kuokoa watu. Ujasiri wao unajulikana. Lisilotajwa sana ni kwamba, katika vurugu za namna hiyo, raia aliyevaa nguo za kawaida na kushika bastola hatofautiki na mshambuliaji machoni pa afisa anayewasili. Mwenye silaha aliyenaswa katika tukio airudishe kiunoni mara tu hatari inapopungua, mikono yake ionekane, na atii kila amri anayopewa.

Cheti ni cha mtu mmoja. Silaha haiazimwi kwa ndugu, mlinzi wa lango wala rafiki anayesafiri usiku. Cheti cha Kenya hakifanyi kazi ng'ambo ya mpaka wa Namanga au Busia, na kusafirisha silaha nje au kuiingiza nchini kunahitaji kibali cha pekee kilichopatikana kabla ya safari. Mwenye silaha akifariki, warithi hawarithi ruhusa yake. Mtu mmoja wa familia anayeaminika aelezwe mapema mahali pa kasha na nyaraka zake, ili msiba ukitokea awaite polisi wa kituo cha karibu waichukue silaha, badala ya kuibeba mwenyewe mkobani.