Mji wa Kale wa Mombasa

Mtu wa bara afikapo Mombasa mara ya kwanza, kwa desturi hupelekwa Ngomeni, akatazama mizinga, kisha akarudi zake. Kwa maoni yetu huko ni kuupita mji bila ya kuuona. Kaskazini ya Ngome, kando ya bandari ya majahazi, pana mtaa uitwao Mji wa Kale, wenye vichochoro vyembamba hata watu wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Njia yake kubwa huitwa Ndia Kuu. Mwanafunzi asidhani ya kuwa aliyeandika jina hilo alikosea. Wamvita husema ndia mahali tusemapo njia.

Wengi huuona mtaa huu wakafikiri kwamba nyumba zake ni za miaka elfu. Sivyo. Nyingi katika hizo zilijengwa katika karne ya kumi na tisa na baada yake. Nyumba za Mombasa zimechomwa na kubomolewa mara nyingi; kilicho cha kale hasa ni makazi yenyewe, na watu waliokataa kuyaacha.

Msafiri Ibn Battuta alilala kisiwani usiku mmoja katika mwaka wa 1331. Aliona misikiti ya miti iliyojengwa vizuri, na visima vifupi milangoni pake, ambapo watu waliokwenda bila viatu waliosha miguu kabla ya kuingia. Chakula chao kilikuwa hasa ndizi na samaki. Nafaka ililetwa kutoka pwani. Mji wa zamani hizo ulikuwa kaskazini kidogo ya mtaa wa sasa, na wachimbuzi wameyakuta mabaki yake karibu na hospitali kuu.

Katika mwaka wa 1505 Wareno walikuja na Francisco de Almeida, wakauteka mji, wakauteketeza kwa moto. Mfalme wa Mombasa alimpelekea mwenziwe wa Malindi barua ya kumwonya, akimweleza jinsi maiti zilivyojaa mjini. Hata hivyo watu walirudi wakajenga. Wareno wakarudi tena 1528, na tena 1589. Halafu, katika mwaka wa 1593, wakaanza kujenga Ngome kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, fundi wa Kitaliano, ili wasiwe watu wa kuja na kuondoka tu.

Ngome hiyo ilizingirwa na Waarabu wa Oman kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Twaomba wanafunzi waliangalie jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita upesi. Katikati ya mwaka wa 1697 Wareno waliokuwa ndani walikuwa wamekwisha kufa karibu wote kwa maradhi. Waliobaki wakiishika Ngome ni Bwana Daud wa Faza, jamaa zake, na Waafrika wachache, wengi wao wanawake, hata msaada ulipofika mwezi wa Septemba. Basi tusemapo kwamba Ngome ni kazi ya Wareno, tuwakumbuke na hao.

Wenyeji wa mji huitwa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili: Tisa Taifa upande mmoja, na Thelatha Taifa upande wa pili. Sikilizeni baadhi ya majina yao: Wapate, Wafaza, Washaka, Wakilifi, Wamtwapa. Kila jina ni mji mwingine wa pwani. Walihama makwao wakapokewa hapa wakawa wenyeji. Wakilindini nao walitoka upande wa pili wa kisiwa hiki hiki. Tisa na Thelatha waliteta mara nyingi, na hapana haja ya kuficha; walakini ni katika mji huo wa mateto ndimo alimoishi Muyaka bin Haji, aliyetunga mashairi ya kuwatetea Wamazrui na kuwakejeli adui zao, mpaka Sayyid Said alipoutwaa mji katika mwaka wa 1837.

Sasa tuzitazame nyumba. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, za kuzuia joto. Dari hushikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haina urefu mwingi, vyumba huwa virefu lakini vyembamba. Mti wa baharini ndio uliompimia mtu chumba chake! Nje pana baraza ya kukaribisha mgeni asiyestahili kuingia ndani, na vichochoro vyembamba hutupa kivuli karibu mchana kutwa.

Reli ilipoanzwa 1896 na meli kubwa zikahamia Kilindini, biashara ya bandari ya majahazi ikapungua. Ngome, iliyofanywa gereza tangu 1895, iliachwa kuwa gereza 1958, na katika mwaka wa 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mtaa wenyewe uliwekwa chini ya ulinzi wa sheria 1990, mtu asibomoe wala kujenga bila ya ruhusa. Sheria hiyo ni njema. Lakini saruji yapatikana dukani, na fundi wa chokaa ni wa kutafutwa, na mwenye nyumba inayovuja wakati wa masika hutazama dari lake kabla ya kutazama historia.