Gisenyi: Kompyuta kuukuu inapogoma na mzigo uko mpakani

Biashara kati ya Gisenyi na Goma hutegemea zaidi vivuko viwili: Petite Barrière, njia ya wachuuzi na waendao kwa miguu, na Grande Barrière, iitwayo pia La Corniche, wanakopita wenye magari. Tangu Rwanda ilipoanzisha dirisha moja la kielektroniki la forodha mwaka 2012, safari ya mzigo huanzia kwenye kompyuta. Katika ofisi ndogo na majumbani, kompyuta hiyo mara nyingi ni ya mezani, tena ya mtumba. Ikigoma, lori linasubiri, dereva anadai posho na mboga zinanyauka. Gharama ya kusubiri hupita haraka bei ya kipuri, kwa hiyo inafaa kuanza na vitu rahisi kabla ya kumwita fundi.

Haiwaki kabisa

Kagua waya wa umeme, soketi na swichi iliyo nyuma ya kasha. Waya huo ni sawa na wa skrini nyingi, hivyo vibadilishe ujue kama ndio mbovu. Mashine iliyotoka Marekani ichunguzwe kabla ya kuchomekwa: nyuma ya pawa saplai huwa na kiswichi kidogo, mara nyingi chekundu, chenye 115 na 230. Umeme wa Rwanda na Kongo ni wa volti 220 hadi 240. Kikiachwa kwenye 115, pawa saplai itaungua mara moja.

Ikiwaka lakini inalia milio mifupi na skrini ni nyeusi, huenda memori imelegea, hasa baada ya kusafirishwa kwenye barabara mbovu. Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha, toa memori, futa meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, kisha irudishe mpaka ibane.

Inazima yenyewe baada ya dakika chache

Hapo ni joto. Vumbi la mawe ya volkano limejaa pande hizi, na Nyiragongo, iliyolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, iko karibu. Majivu yake hukwangua feni, na yakipata unyevu hupitisha umeme. Safisha kwa brashi laini, ukizuia feni kwa kidole isizunguke. Wenye malori hupenda kutumia kompresa ya matairi. Isitumike, kwa sababu upepo wake huwa na maji.

Nywila inakataliwa

Tatizo hili linapoteza muda mwingi kuliko yote, na wala si ubovu. Kompyuta na kibodi kutoka Ubelgiji au Ufaransa zina mpangilio wa AZERTY. Za Uingereza na Marekani ni QWERTY. A na Q zimebadilishana nafasi, vivyo hivyo Z na W, na kwenye AZERTY tarakimu za juu zinahitaji Shift. Katika Windows nyingi, kubonyeza Alt na Shift pamoja kwa bahati mbaya hubadilisha mpangilio iwapo miwili imewekwa. Mtu akirudia nywila ileile mara kadhaa, akaunti yaweza kufungwa wakati mzigo uko getini. Andika kwanza nywila mahali pa jina, uisome, halafu uifute.

Tovuti zote zinasema si salama

Tazama tarehe. Ikiwa saa imerudi miaka nyuma, betri ndogo ya madabodi imekwisha. Kwa kawaida ni CR2032 ya volti 3, umbo la sarafu. Ibadilishe na urekebishe tarehe. Kama tarehe ni sahihi na bado tovuti hazifunguki, angalia umri wa Windows: XP iliachwa na Microsoft Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020 na Windows 10 Oktoba 2025. Kwa XP hasa, hakuna betri itakayosaidia.

Printa

Printa za pini bado zinafaa kwa hati zenye nakala za kaboni. Maandishi yakififia, badilisha utepe. Ikitoa alama zisizosomeka, kagua kebo, kisha programu ya printa. Karatasi zikikwama kila mara, pengine zimenyonya unyevu wa Ziwa Kivu. Pakiti iliyofunguliwa ihifadhiwe mahali pakavu, ikiwa imefunikwa vizuri.

Diski inagonga

Mlio wa tak-tak kutoka ndani ni hatari kuliko yote yaliyotajwa. Usiizime na kuiwasha ili kujaribu. Nakili ankara, vyeti vya asili ya bidhaa na hati za forodha kwenye flashi papo hapo, ukianza na za mzigo ulioko njiani. Kasha, skrini na kibodi vitaendelea kutumika. Diski inunuliwe nyingine.